Ofisa Akikosea, Mashine Yakumbuka

Tarehe 5 Julai, 1950, askari wa Marekani wapatao 540 walikuwa wamejichimbia mahandaki juu ya vilima vilivyo kaskazini ya mji wa Osan, katika nchi ya Korea. Mvua ilikuwa ikinyesha. Mkubwa wao, Luteni Kanali Charles B. Smith, alikuwa ameletwa kwa haraka kutoka Japani ili awazuie askari wa Korea ya Kaskazini waliokuwa wakishuka upande wa kusini. Wengi wa vijana aliokuwa nao hawakuwa wamepata kupigana hata siku moja.

Asubuhi ile vifaru 33 vya adui vikaja vikifuata barabara. Silaha ndogo za kupigia vifaru walizokuwa nazo Wamarekani zilipiga chuma, zikadunda. Vifaru vikapita katikati yao, na nyuma yake wakaja askari wa miguu kwa maelfu. Ilipofika alasiri, Kanali Smith akatoa amri ya kurudi nyuma. Kurudi nyuma huku adui yu karibu ni kazi iliyo ngumu kupita nyingi katika vita. Platuni moja haikupata habari ya amri ile, ikajikuta imebaki peke yake kilimani. Silaha nzito zikaachwa, na majeruhi wasioweza kutembea wakaachwa juu ya machela. Zaidi ya watu 150 waliuawa, au walijeruhiwa, au walitekwa.

Habari hii imesimuliwa katika jeshi la Marekani tangu siku ile, wala hawaisimulii ili kumlaumu Kanali Smith, ambaye alikuwa mtu hodari aliyepewa kazi kubwa na watu wachache. Wanaisimulia kwa sababu ya swali moja. Fundi seremala akikosea kipimo, ubao huharibika, naye huchukua mwingine. Karani akikosea hesabu, karatasi hufutwa. Lakini ofisa wa jeshi hujifunzia kazi yake juu ya miili ya watu wengine. Je, yawezekana apate kosa lake la kwanza, na la pili, na la kumi, pasipo mama wa mtu yeyote kuletewa barua ya msiba?

MICHEZO YA ZAMANI

Watu wa Prussia, ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani na nchi jirani zake, walijaribu kulijibu swali hilo mapema. Mwaka 1824 Luteni mmoja wa mizinga, Georg von Reisswitz, alitoa kitabu cha sheria za mchezo wa vita. Maofisa walikaa kuizunguka ramani kubwa, wakasogeza vipande vidogo vilivyokuwa mfano wa vikosi, na dadu zikatupwa ili kuonyesha hasara iliyopatikana. Mwamuzi alikaa katikati. Kila upande ulijua yale tu ambayo askari wake wangeweza kuyaona. Mchezo huo ulipendwa sana, ukaenea katika majeshi mengi ya Ulaya.

Mwingereza mmoja alifuata njia nyingine. Ernest Swinton, ambaye alikuwa ofisa katika vita vya Makaburu huko Afrika ya Kusini, alitoa kijitabu mwaka 1904 kiitwacho The Defence of Duffer's Drift. Ndani yake kuna Luteni kijana aliyepewa watu hamsini alinde kivuko cha mto. Usiku anaota ndoto. Katika ndoto ya kwanza anashindwa kwa ujinga wake, akaamka na somo moja. Anaota tena, anashindwa kwa ujinga mwingine. Ndoto ni sita, na katika ya sita ndipo anapofaulu kuushika ule mto. Kitabu hiki bado kinasomwa na maofisa wanafunzi, maana mkataba wake ni mzuri: umeruhusiwa kufa, mradi ukumbuke sababu.

Lakini ramani haina matope, na ndoto haina usingizi wa usiku wa tatu. Basi majeshi yalifanya pia mazoezi ya porini, upande mmoja ukiwa adui wa upande wa pili. Hapo ndipo ugomvi ulipokuwa ukizaliwa. Kombania mbili zikikutana kwenye korongo, risasi zikiwa za baruti tupu, ni nani aliyekufa? Mwamuzi mwenye kitambaa mkononi alifika akihema, akatazama huku na huku, akasema, "Ninyi mmekufa." Nao wakabisha kwamba wao ndio waliotangulia kupiga. Mara nyingi mwenye cheo kikubwa au sauti kubwa ndiye aliyeshinda. Jioni watu walirudi kambini kila mmoja akiwa na vita vyake kichwani, na kila mmoja alikuwa ameshinda.

SOMO LILILOTOKA ANGANI

Mambo yalianza kubadilika kwa ajili ya aibu iliyowapata marubani. Katika vita vya Vietnam, kati ya mwaka 1965 na 1968, wanamaji wa Marekani waliangusha ndege mbili hivi za adui kwa kila ndege moja yao iliyoangushwa na ndege za adui. Hesabu hiyo ilikuwa mbaya sana kwa watu waliozoea kushinda kwa mbali katika vita vilivyotangulia. Kapteni Frank Ault akapewa kazi ya kuchunguza sababu. Taarifa yake ilieleza makosa mengi ya silaha na ya mafunzo, na mwaka 1969 shule mpya ikaanzishwa huko Miramar, California, ambayo watu wengi wanaijua kwa jina la Topgun. Walimu wake walirusha ndege ndogo zilizofanana kwa tabia na ndege za adui, nao walipigana na wanafunzi siku baada ya siku.

Baadaye ikaongezwa mitambo huko Yuma, Arizona, iliyofuata kila ndege angani na kunasa mwendo wake. Rubani aliposhuka chini na kueleza kwa mikono yake miwili jinsi alivyomzunguka mwenziwe, mwalimu alimwonyesha kwenye kioo jinsi ilivyokuwa kweli. Mapigano ya angani yaliporudi mwaka 1972, wanamaji waliangusha ndege kumi na mbili hivi kwa kila moja waliyopoteza. Jeshi la Anga, ambalo halikuwa limebadili mafunzo yake kwa namna ile, lilibaki karibu na mbili kwa moja.

Jenerali Paul Gorman, aliyekuwa msimamizi wa mafunzo katika jeshi la nchi kavu, aliitazama hesabu hii akauliza kama jambo hilo haliwezi kufanywa kwa vifaru na askari wa miguu. Wakati ule vita vya Oktoba 1973 kati ya Israeli na Waarabu vilikuwa vimewashtua wakubwa wa majeshi yote: vifaru vingi mno viliteketea kwa siku chache. Vita vijavyo, walisema, havitampa ofisa nafasi ya kujifunza polepole. Vita vya kwanza vyaweza kuwa vya mwisho.

JANGWA LA MOJAVE

Mahali palipochaguliwa ni Fort Irwin, katika jangwa la Mojave, California. Ardhi yake ni kama maili za mraba 1,000, eneo linalopita mara tatu ukubwa wa Nairobi yote. Hakuna mashamba wala vijiji vya wenyeji vya kuharibiwa. Kuna mchanga, mawe, milima mikavu, makorongo, na jua ambalo wakati wa kiangazi huchoma kama tanuri. Kituo cha Taifa cha Mafunzo kilianzishwa hapo mwaka 1980, na vikosi vikaanza kufika kwa mazoezi mwaka 1982.

Yafaa kueleza jinsi vita vya hapo vinavyopiganwa. Juu ya mtutu wa bunduki hufungwa kisanduku kidogo. Askari akipiga risasi ya baruti tupu, kisanduku hutoa mwali wa leza usioonekana wala kudhuru. Kila askari huvaa mikanda yenye vipokezi kifuani, mgongoni na kwenye kofia ya chuma. Mwali ukimpata, chombo alichovaa huanza kulia mfululizo, na hakinyamazi. Katika miaka ya kwanza, ili kukinyamazisha, mtu hakuwa na budi kuchomoa ufunguo uliokuwamo katika kile kisanduku cha bunduki yake mwenyewe. Alipouchomoa tu, bunduki yake haikutoa tena mwali. Kwa namna hii aliyekufa hakuweza kuendelea kupigana kwa siri. Ndipo alifungua bahasha aliyopewa, akasoma kadi iliyomwambia kama amekufa au amejeruhiwa, na jeraha liko wapi, na wenzake walitakiwa kumtendea kama majeruhi wa kweli. Kifaru kikipigwa, taa ya rangi ya manjano juu yake huwaka na kuzimika, ikaonekana na jangwa zima. Ubishi wa zamani, wa nani aliyepiga kwanza, ukaisha siku ile.

Adui naye hakuwa wa kubuni ovyo. Kilikaa pale kikosi maalum cha askari wa Marekani waliojifunza kupigana kwa taratibu za Warusi, katika vifaru vyepesi vya zamani vilivyobadilishwa umbo ili vifanane na vya Kirusi. Tangu mwaka 1994 kazi hiyo imekuwa ya Kikosi cha 11 cha Wapanda Vifaru. Watu hawa hupigana hapo mwaka mzima, dhidi ya kila mgeni ajaye. Wanajua kila bonde linaloficha kifaru na kila kilima kinachotazama mlango wa bonde. Si ajabu basi kwamba wageni hushindwa mara nyingi, tena hushindwa vibaya. Batalioni nzima inayoondoka alfajiri ikiwa na vifaru vyake vyote, yaweza kufika saa nne ya asubuhi ikiwa na taa za manjano zinazowaka kila upande.

Wakati huo wote mitambo inanasa. Vituo vilivyo milimani hupokea ishara kutoka kwenye magari na kuonyesha kila moja lilipo. Kila pigo la leza huandikwa: nani alipiga, saa ngapi, akampata nani. Maneno ya redio, amri kwa amri, hunaswa katika kanda. Kamera zilizo juu ya vilele vya milima hupiga picha za mapigano. Pamoja na mitambo kuna watu: kila kamanda hufuatwa na mwangalizi, ambaye ni ofisa aliyekwisha kuifanya kazi ileile. Mwangalizi hamwamrishi wala hamsaidii. Huandamana naye usiku na mchana, hula vumbi lake, na kuandika.

BARAZA BAADA YA PIGANO

Hata hapa, mashine bado haijafundisha kitu. Wageni wengi waliokwenda kutazama Fort Irwin walirudi wakisifu leza na kamera, kama mtu anayekwenda shule akasifu ubao. Kazi yenyewe hufanyika saa chache baada ya pigano kwisha, wakati maofisa wangali wana mchanga masikioni. Hukusanywa katika gari kubwa au hema lenye vioo vya kuonyeshea picha, nalo baraza likaanza.

Mzizi wa baraza hili uko katika vita vikuu vya pili. Mwaka 1943 mwandishi wa historia ya jeshi, S. L. A. Marshall, alikuwako katika kisiwa cha Makin, bahari ya Pasifiki. Kulikuwa na pigano la usiku ambalo hakuna aliyeweza kulieleza sawasawa. Akawakusanya askari waliobaki, wakubwa kwa wadogo, akawauliza mmoja mmoja mbele ya wenzake: ulikuwa wapi, uliona nini, ulifanya nini. Kila mtu alikuwa na kipande, na vipande vilipounganishwa usiku ule ukaonekana. Wanahistoria wa baadaye wameshuku baadhi ya hesabu alizoandika Marshall katika vitabu vyake, na kwa haki. Lakini desturi ile ya kuwakalisha watu pamoja, wakaulizwa, ilibaki.

Baraza la Fort Irwin lina maswali machache. Tulikusudia kufanya nini? Ni nini kilichotokea? Kwa nini? Mara nyingine tutafanyaje? Mwangalizi mkuu huyauliza, kisha hunyamaza. Hatakiwi kuhubiri. Akisema, "Wewe Meja ulikosea," Meja atajitetea, na watu wake watamtetea au watacheka, na somo litakuwa limepotea. Lakini akiuliza tu, "Kombania yako ilikuwa wapi saa kumi na moja na nusu?" na ramani ikawashwa, Meja mwenyewe ataona alama za magari yake zikiwa zimesimama nyuma ya kilima kwa dakika arobaini, wakati kombania ya pili inateketea mbele. Ndipo itakaposikizwa kanda ya redio, na watu wote watasikia sauti ya ofisa aliyeomba msaada mara tatu, na sauti iliyomjibu kwamba angoje.

Kwa mtu aliyelelewa katika jeshi, jambo hili ni gumu kuliko jua la Mojave. Jeshi husimama juu ya heshima ya cheo. Sajini hamsahihishi Kapteni mbele ya watu. Katika baraza hili, dereva wa kifaru aweza kusimama akasema kwamba amri haikumfikia, na mashine ikamwunga mkono. Mwanzoni wakubwa wengi waliogopa kwamba picha na kanda zingepelekwa kwa wale wanaopandisha watu vyeo, na kwamba mtu angenyimwa batalioni kwa sababu ya asubuhi moja mbaya. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Ilikubaliwa kwamba matokeo ya mazoezi yasiwe cheti cha mtihani, bali yawe ya kufundishia. Kuliandika jambo hilo ni rahisi kuliko kulitenda, maana mkubwa wa kamanda huwapo akitazama, naye ana macho. Hata hivyo pasipo ahadi ya namna hiyo kila mtu angejifunza kuficha tu.

Kuna jambo ambalo kanda haiwezi kulionyesha hata kidogo. Inaonyesha mahali gari lilipokuwa na saa lilipogeuka. Haionyeshi yaliyokuwa kichwani mwa ofisa. Labda alisimama nyuma ya kilima kwa woga. Labda aliisoma ramani vibaya. Labda aliona vumbi upande wa kushoto akadhani ni adui, na kusimama kwake kulikuwa na busara kwa yale aliyoyajua dakika ile. Mwangalizi mzuri hutumia picha kumfikisha mtu penye dakika yenyewe, kisha humwuliza: "Hapa ulikuwa umejua nini? Ulitazamia nini?" Majibu ya swali hili ndiyo mafundisho ya uamuzi. Kujua kwamba umeshindwa si vigumu. Taa ya manjano imekwisha kukuambia.

YALIYOONEKANA

Mapigano yalipokuwa mengi, kumbukumbu zake zikawekwa pamoja, na wataalamu wakaanza kuzichambua. Mwaka 1987 Martin Goldsmith wa shirika la RAND alitoa uchunguzi juu ya upelelezi. Alikuta kwamba batalioni iliyopeleleza vizuri kabla ya kushambulia ilielekea sana kushinda, na iliyopeleleza vibaya ilielekea sana kushindwa. Msomaji aweza kusema kwamba jambo hilo linajulikana tangu enzi za mikuki. Ni kweli, linajulikana. Lakini halikuwa likitendwa. Wapelelezi walipelekwa wakiwa wamechelewa, au wachache mno, au pasipo kuambiwa ni kitu gani hasa kamanda anachotaka kukijua. Waliuawa usiku, na asubuhi batalioni ikaenda kama kipofu. Kila kamanda aliyepatwa na hayo alidhani ni bahati mbaya yake. Kumbukumbu za wengi zilipowekwa pamoja, ilionekana si bahati.

Saa nazo zilisema mengi. Desturi ya jeshi la Marekani inamtaka kamanda atumie theluthi moja tu ya muda uliopo kwa mipango yake, theluthi mbili awaachie walio chini yake. Muda ulipoandikwa, makao ya batalioni yalionekana yakipamba mpango kwa saa nyingi, hata Luteni wa platuni akapokea amri gizani, akaenda vitani pasipo kuiona ardhi kwa macho yake. Hakuna kamanda ambaye angekubali kwamba aliiba saa za watu wake. Lakini zilikuwa zimeandikwa.

Swinton alipata mfuasi katika jangwa hili. Mwaka 1988 James R. McDonough, ofisa wa jeshi la Marekani, alitoa kitabu kiitwacho The Defense of Hill 781. Ofisa mmoja amekufa, naye badala ya kufika peponi anajikuta toharani, mahali palipo kama Fort Irwin kabisa, akiongoza batalioni na kushindwa tena na tena mpaka ajifunze. Maofisa waliopita Mojave husema mwandishi hakuhitaji kubuni mengi.

Isidhaniwe kwamba kituo kile hakina dosari. Mwali wa leza huzuiwa na kijiti au vumbi, jambo ambalo risasi ya kweli hailijali. Mizinga ya mbali, ambayo katika vita huua watu wengi kupita bunduki, ilikuwa vigumu kuifananisha. Na mtu aweza kujifunza kuyashinda makorongo ya Mojave badala ya kujifunza vita. Vita vya Iraki vilivyoanza mwaka 2003 vililazimisha mabadiliko: vijiji vya kuigiza vikajengwa jangwani, vyenye watu wanaosema Kiarabu, ili ofisa ajifunze pia kuzungumza na mzee wa mtaa. Uingereza nayo iliweka kituo cha mazoezi makubwa ya vifaru huko Suffield, katika Kanada, tangu mwaka 1972, na askari wake wa miguu wameletwa Kenya kwa mazoezi yao, kama wajuavyo vizuri watu wa Nanyuki na wa Archers Post.

VITA VYA KWELI VYANASWA

Tarehe 26 Februari, 1991, katika jangwa la kusini ya Iraki, Kapteni H. R. McMaster alikuwa akiongoza kikosi kidogo chenye vifaru tisa na magari mengine ya chuma. Dhoruba ya mchanga ilikuwa imefunga macho, na ndege hazikuweza kusaidia. Alikuwa ameambiwa asipite mstari wa ramani uitwao 70. Alasiri, vifaru vyake vilipopanda mwinuko mdogo, vilijikuta uso kwa uso na vifaru vya askari wa Ulinzi wa Jamhuri wa Iraki vilivyokuwa vikingoja katika mashimo. Akapiga, akaendelea mbele. Alipokumbushwa kwamba amefika mwisho wa mpaka wake, alijibu kwamba hawezi kusimama, maana bado amegusana na adui. Kusimama kungempa adui nafasi ya kupumua. Katika dakika 23 watu wake waliharibu vifaru zaidi ya ishirini na magari mengi, wala hawakupoteza mtu. Pigano lile, pamoja na ya vikosi jirani, liliitwa kwa jina la mstari wa ramani: 73 Easting.

Hapakuwa na kamera vilimani siku ile, wala waangalizi. Lakini majuma machache baadaye wataalamu wa jeshi na wa serikali walifika mahali penyewe, magari yaliyoteketea yakiwa bado yamesimama mchangani. Walitembea juu ya ardhi pamoja na maofisa waliopigana, wakapima nafasi kati ya kifaru na kifaru, wakasikiliza kanda za sauti zilizonaswa, wakawauliza askari kama Marshall alivyowauliza wale wa Makin. Mambo hayo yote yakatiwa katika kompyuta, gari kwa gari na dakika kwa dakika, hata mtu akaweza kulitazama pigano kutoka juu kama ndege, au kukaa katika kifaru chochote apendacho.

Faida yake ni kwamba pigano lililonaswa namna hii laweza kubadilishwa. Mwaka 1996 mtaalamu Stephen Biddle alitangaza uchunguzi uliofanywa kwa kulipiganisha tena ndani ya kompyuta. Wairaki walikuwa wamefanya makosa makubwa: walirundika mchanga mbele ya mashimo ya vifaru vyao, hata yakaonekana kwa mbali, wala hawakuweka walinzi wa mbele wa kutosha kuwaonya. Makosa hayo yaliposahihishwa katika kompyuta, Wamarekani walipata hasara kubwa, ijapokuwa silaha zao zilikuwa zilezile. Waliokuwa wakisema kwamba mitambo ya kuonea gizani ndiyo iliyoshinda vita walipata jambo la kufikiri, na zaidi yao wale waliodhani kwamba ushindi ule ulikuwa wa ustadi wao peke yao.

Na ofisa mwanafunzi aweza kuketishwa mahali pa Kapteni yule. Mwalimu huisimamisha picha kabla vifaru havijafika juu ya mwinuko. Mbele kuna vumbi. Redio inasema usiupite mpaka. Nyuma kuna vikosi vingine visivyojua uko wapi, ambavyo vyaweza kukupiga kwa kukudhania adui. Mwalimu hamwulizi McMaster alifanya nini, maana hilo limo vitabuni. Humpa kijana kipaza sauti cha redio, hutazama saa yake, na kungoja asikie amri atakayoitoa.